Yadi ya maegesho Kariakoo: elfu tatu kwa dakika arobaini

Nashona magauni ya harusi na sare za sendofu huko Kimara. Kila Jumanne nateremka Kariakoo na gari langu dogo, IST, kuchukua vitambaa. Wengi huniuliza kwa nini nisipande basi la mwendokasi wakati linanishusha Msimbazi, hatua chache tu na maduka. Ni kwa sababu ya majora. Majora mawili ya satini na moja la bitana huwezi kuyapenyeza kwenye basi la saa kumi na moja jioni, na ukiyapenyeza yanafika yamechafuka.

Ndiyo maana mwaka wa pili sasa naegesha kwenye yadi moja ya mtu binafsi, jirani na Mtaa wa Aggrey. Bei ni elfu tatu, ukae dakika arobaini au ukae mpaka magharibi.

Nianze na lililo jema. Mlinzi wa pale ni mzee mwaminifu. Funguo anazitundika kwenye ubao wa misumari, kila msumari una namba ya chaki, na sijasikia hata siku moja kwamba ufunguo umepotea. Mwezi wa nne mvua ilinikuta ndani ya duka, mzigo wangu wa kwanza nimeuacha pembeni ya gari. Niliporudi nikakuta ameufunika turubai, yeye mwenyewe amelowa. Nikampa ya soda akakataa.

Tatizo ni hiyo bei moja kwa wote. Barabarani nalipa mia tano kwa saa. Tangu 2021 mambo yamehamia kwenye mfumo: mkusanyaji anaingiza namba ya gari kwenye mashine yake, nawe unalipa kwa kontrol namba kwenye simu. Kwa safari yangu ya kawaida, mia tano inatosha kabisa. Nafasi ndiyo haipo. Hata nikiwahi saa tatu asubuhi, mbele ya maduka pameshajaa, na mengi ya magari hayo nayajua kwa sura: ni ya wenye maduka.

Na hao ndio wanaolalamika kwamba ushuru wa maegesho unawafukuzia wateja! Machungu yao nayaelewa. Soko kuu liliungua Julai 2021, na Mei 2023 walifunga maduka kwa sababu ya kodi. Kila shilingi inayoongezeka wanaiona ni mzigo mwingine. Lakini wiki iliyopita mwenye duka ninakonunua lesi aliponiambia, "Dada yangu, ushuru huu utatumaliza, wateja watahamia maduka ya huko kwenu," nilimuuliza, "Kaka, gari lako hapo nje limekaa tangu saa ngapi?" Akatazama mlangoni. "Tangu saa moja." Hiyo nafasi moja ingepokea wateja sita au saba wa aina yangu kwa siku. Ushuru wa kwa saa unamsaidia yeye kuliko anavyodhani, ila aanze kuondoa gari lake.

Yadi nayo inafanya kosa hilohilo kwa namna nyingine. Elfu tatu ya kutwa ni nafuu kwa mfanyabiashara, kwa hiyo wao ndio wanaoijaza, na sisi wa kuingia na kutoka tunabanwa nyuma yao. Mwezi uliopita nilikaa dakika hamsini nimezuiwa na magari matatu, mzee wa watu anazunguka duka kwa duka kutafuta mwenye gari la Noah, huku bibi harusi ananipigia simu kuuliza gauni la kujaribu. Nilifika Kimara saa mbili usiku. Yule binti alikuwa ameshaondoka analia.

Ninachowaomba wenye yadi ni kidogo: safu ya karibu na geti iwe ya saa moja moja, kwa elfu moja. Wa kutwa wakae ndani. Na wenye maduka wangeiga duka moja la bitana ninalonunua, ukichukua jora zima wanakupunguzia elfu moja ukiwaonyesha risiti ya maegesho. Hapo sijawahi kuhama, na sina mpango.

Naipa yadi nyota tatu, na zote ni za yule mzee. Jumanne hii nitafika saa moja na nusu, nimuombe anipangie pale getini.