TAHADHARI: Vinyago "vya mpingo" vilivyopakwa rangi ya viatu

Ndugu zangu mnaopamba nyumba kwa vinyago, kuna wauzaji mtandaoni wanaouza mti mwepesi, tena mbichi, kwa jina la mpingo. Wanaupaka rangi nyeusi, mara nyingi ile ya viatu, wanausugua hadi unang'aa, kisha wanaupiga picha. Rangi hiyo inaficha mambo mawili: aina ya mti na maji yaliyomo ndani. La pili ndilo baya zaidi. Kinyago cha mti mwingine kikikauka vizuri hukaa rafuni miaka mingi, lakini cha mti mbichi kitapasuka.

Anzeni na kitako. Kiini cha mpingo ni cha kahawia iliyokolea au zambarau inayokaribia weusi, na sehemu ya nje ya gogo ni ya manjano hafifu. Msitari wa manjano pembeni si kasoro; wachongaji wengi huuacha makusudi. Kinyago cheusi tititi kila mahali, hadi ndani ya mikunjo na chini ya kitako, kitieni shaka. Kwaruzeni kitako kwa sindano: vumbi likitoka jeupe, hapo pana rangi tu. Pamba yenye spiriti nayo husaidia, ila isomeni vizuri. Mpingo wenyewe unaweza kuacha doa hafifu la kahawia kwenye pamba. Weusi mzito unaoendelea kutoka kila mkifuta ni wa kupaka.

Kuhusu uzito, wengi hunaswa hapa. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji: lita moja ya mti huo huzidi kilo moja. Kifungeni kinyago kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, toeni hewa, kizamisheni sekunde chache. Kikielea, si mpingo. Kikizama, msishangilie bado, maana maji yaliyo ndani ya mti mbichi huongeza uzito. Kipimeni kwa mizani leo, kisha tena baada ya siku 7 ndani ya nyumba. Kikishuka kutoka kilo 2 hadi 1.9, bado kinakauka. Mwenye kipima unyevu atafute asilimia 8 hadi 12. Ikivuka 20, msikinunue.

Mti mbichi hupasuka kwa sababu ngozi ya nje hukauka na kusinyaa huku katikati kukiwa bado na maji. Hatari huzidi pale kinyago kinapochongwa kwenye gogo zima, moyo wa mti ukiwa katikati: tazameni kitako, mkiona duara ndogo zilizozungukana kama shabaha, ufa utatokea hapo kuelekea nje. Wauzaji hawa huziba nyufa za mwanzo kwa gundi na unga wa mbao, halafu wanapaka rangi juu. Mulikeni tochi kwa ubavu. Penye kiraka hapang'ai kama pengine.

Wengine hata mti hawatumii. Ni plastiki ngumu iliyomiminwa kwenye umbo. Ombeni picha za vipande viwili vya aina moja: mistari ya mti ikilingana kabisa, hakuna mkono uliochonga hapo.

Kabla ya kulipa, dai video moja isiyokatwa: kitako, kinyago kikiwa juu ya mizani, na pamba yenye spiriti ikipita juu yake. Muuzaji anayekwepa hilo, mwacheni.

Kama mmeshanunua na kinyago ni kibichi, msikiweke juani wala karibu na jiko. Pakeni nta kwenye kitako na kichwani, kwani maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha za mti, kisha kifungeni kwa karatasi na mkiache chumba chenye kivuli kwa miezi kadhaa. Mkiona matundu madogo ya milimita 1 au 2 na unga laini chini yake, ni bungua, wadudu wanaotoboa mti. Kitengeni na samani nyingine siku hiyohiyo. Kikishakauka, kifungeni vizuri kwenye plastiki na mkigandishe wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na mkikitoa kiacheni ndani ya plastiki mpaka kirudi joto la chumba.