Programu ya kusaka maneno ya Kiingereza kwa herufi: kusaka inajua, maana zinapwaya

Hii ni programu ya simu: unaipa herufi, inakuletea maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo pamoja na maana zake. Ina visanduku vinne: herufi ulizonazo, mwanzo wa neno, mwisho wa neno na umbo la neno zima. Pembeni kuna kichujio cha urefu. Kwa kusaka naipa nyota nne. Kwa maana naipa mbili, na hapo nimeionea huruma.

Wengi wanaoilalamikia wameingiza herufi kwenye kisanduku kisicho chake. Ukiandika ear kwenye kisanduku cha herufi, unaletewa kila neno lenye herufi hizo tatu popote zilipo: rate, great, bread. Ukitaka zishikane kwa mpangilio huohuo, nenda kwenye kisanduku cha umbo uandike *ear*, ambapo kila nyota inasimamia herufi zozote, au hata pasipo herufi. Sasa utapata heart, moyo, beard, ndevu, learn, kujifunza, na bear, dubu. Kwa anayejifunza lugha, orodha hiyo ni dhahabu, maana katika maneno hayo manne ear inatamkwa kwa namna nne tofauti. Bahati mbaya programu haina kitufe cha sauti, kwa hiyo matamshi utayafuata kwenye kamusi nyingine.

Alama ya kuuliza nayo ina kazi mbili, na maelezo ya ndani hayasemi. Kwenye umbo inashika nafasi ya herufi moja usiyoijua: ?igh? inaleta night, right, fight na mengine, ikiwemo eight, ambayo kwa matamshi haimo kabisa kwenye ukoo huo. Kwenye kisanduku cha herufi ulizonazo, alama hiyohiyo ni kile kigae kitupu cha Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, kinachoweza kuwa herufi yoyote. Ukiweka alama mbili hapo pamoja na herufi tano, orodha inafumuka na simu ya kawaida inaanza kukwama. Weka moja, chuja kwa urefu, ndipo uongeze ya pili.

Kwenye mchezo ndiko inakolipa. Ingiza a, e, i, n, r, s, t, chagua urefu wa 7, na utaona nastier, retains, retinas, na hata retsina, ile divai ya Ugiriki yenye ladha ya utomvu wa msonobari. Kumaliza vigae vyote saba kwa mkupuo kunaongeza pointi 50, kwa hiyo herufi hizi saba zinafaa kukaririwa kama jedwali la kuzidisha. Q yenye pointi 10 nayo haitakutesa ukijua maneno yanayoikubali bila u. Kwanza qi, nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, kisha qat, ile mirungi. Faqir, talaq na waqf msomaji wa Kiswahili hahitaji hata kutafsiriwa.

Kabla ya kuamini orodha, ingia kwenye mipangilio ukague kamusi iliyochaguliwa. Marekani na Kanada wana orodha yao ya Scrabble, sehemu nyingi nyingine hutumia ya Collins, wachapishaji wa kamusi wa Uingereza, na haziko sawa. Zo, aina ya ng'ombe wa milimani, linakubalika kwenye Collins na kukataliwa kwenye ile ya Marekani. Tahajia pia inahusika: color lina herufi 5, colour lina 6, hivyo kichujio cha urefu kinaweza kukuficha neno unalolijua fika.

Sasa maana. Programu inatoa moja tu kwa kila neno, ile ya kwanza kwenye hifadhi yake. Wound inaandikwa kidonda, basi. Haisemi kwamba ni pia wakati uliopita wa wind, kuzungusha au kukaza saa, na kwamba hapo matamshi yanabadilika. Tear ni chozi, lakini kurarua hakumo. Axes inaonyeshwa kama wingi wa shoka, ilhali ni wingi wa axis, mhimili, vilevile. Kwa mcheza Scrabble si tatizo. Mwanafunzi atakayeandika insha kwa maana hizi ataumbuka.

Kasoro nyingine ni wingi. Tafuta maneno yanayoishia na s na kurasa za mwanzo zitajaa nomino zilizoongezewa s tu. Hakuna kitufe cha kuziondoa. Njia ya kuzunguka ni kuandika herufi mbili au tatu za mwisho. Ous italeta famous, nervous, dangerous, yaani vivumishi vinavyofaa kusomwa pamoja. Ness italeta nomino za hali kama kindness, wema, na darkness, giza, ingawa witness, shahidi, atajipenyeza humo.

Orodha unazohifadhi zinaweza kutumwa nje kama maandishi, ila yanatoka maneno matupu bila maana. Ukitaka kadi za kujisomea, maana utazijaza mwenyewe, na kwa jinsi zilivyo humu ndani, ni afadhali hivyo.