IST yangu, 20W-50 na asubuhi ya Njombe

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ile ya injini ya 1NZ-FE, cc 1500. Nimeiendesha kwa oili tatu tofauti, na nikiulizwa ipi imenifaa, jibu ni 5W-30. Kufika hapo nimezunguka sana, na mzunguko wenyewe niliwekwa na fundi wangu, ambaye mpaka leo sijamhama.

Mara ya kwanza nilipompelekea gari amwage oili, aliipaka ile ya zamani kwenye vidole, akaisugua, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, Dar ni joto. Oili nyepesi huku inageuka maji. Tia 20W-50, injini itatulia." Na kweli ilitulia. Mlio ulishuka, nikamwona bingwa. Gari likawa zito kidogo kuchanganya ukitoka kwenye mataa, ila lawama zote nikaitupia AC.

Juni nikaenda nalo Njombe msibani. Lililala nje, kwa shemeji. Saa kumi na mbili asubuhi vioo vimelowa umande, vidole vimekufa ganzi, nikapiga stata. Ikavuta kivivu kama betri imechoka, injini ikashika, kisha huko juu kwenye valvu ikaanza kakakakaka, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika, ikabaki inawaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikazima. Sekunde nne ni chache kwa mtu anayesubiri chai, lakini kwa vyuma vinavyosuguana bila oili ni nyingi.

Niliporudi Dar ndipo nikajifunza kusoma dumu. Fundi wangu alikuwa anaamini W ni weiti, yaani uzito. Siyo. W ni winta: namba inayokaa nayo inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa imepoa, na ikiwa ndogo, oili inapanda juu haraka. Namba ya pili ni unene wa oili ikishafika nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi kinachopanga madaraja ya oili, unene wa oili ya 30 huwa kati ya senti­stoki 9.3 na 12.5, ya 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo hata injini ikishapata moto sawasawa, pampu ya IST yangu ilikuwa inasukuma kitu kinachokaribia mara mbili ya unene uliokusudiwa.

Jambo lililonigeuza kabisa ni hili: nyuzi 30 za Dar, zinazotutoa jasho sisi, kwa oili bado ni baridi. Hata 5W-30 asubuhi ya Kimara ni nzito mara nyingi kuliko itakavyokuwa injini ikichemka. Na ikishachemka, thamostati ya injini hii, kile kizibo kinachodhibiti joto la maji ya kupoza, hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, uwe kwenye joto la Tanga au baridi ya Makete. Hewa ya nje ina mchango wake, sikatai, hasa kwenye foleni au ukipanda Kitonga na mzigo, lakini siyo mkubwa kama tunavyotishwa.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye gari lenyewe. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya gereji ya Japani, imepauka, ina H26 (mwaka wa 26 wa Heisei, yaani 2014), kilometa, na 5W-30. Nimeipita kila siku nikidhani ni mambo ya Kijapani tu.

Nikatia 5W-30 ya sinthetiki. Bei iliniuma, ni mara mbili na kidogo ya ile ya awali. Taa ya oili sasa inazima kabla sijaachia ufunguo. Kuchanganya kumerudi, na sishangai, maana VVT-i, mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo ikipita kwenye vitundu vidogo. Kwenye petroli nimepata kama nusu kilometa zaidi kwa lita. Anayeahidiwa maajabu asiamini. Mlio wa injini umeongezeka kidogo ikiwa imesimama, na hilo ndilo fundi analonicheka nalo.

Dosari ipo. Kwenye safari ndefu injini ilianza kula oili, karibu nusu lita kwa kilometa 5,000. Nikajaribu 5W-40 mzunguko mmoja: ulaji ulipungua, ila sikuona tofauti ya kunifanya nibaki nayo. Ringi za pistoni zikichoka zaidi nitairudia. Kuruka hadi 20W-50 ili kuficha moshi, hapana. Shemeji ana Hilux ya dizeli, anatumia 15W-40 na imemkubali; injini yake si yangu.

Jingine la kuangalia gereji: injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na dumu ni la lita 4. Fundi akikuona una haraka anamimina lote. Mwambie aache, apime kwa kijiti, kinachobaki kiweke kwenye buti.

Mimi kilichobaki kiliniishia njiani mwaka jana, Makambako. Maduka matatu niliyoingia yalikuwa na 20W-50 na 15W-40 tu. Kijiti kilikuwa kimeshuka chini ya alama ya mwisho, nikaongeza nusu lita ya 15W-40 juu ya 5W-30 yangu, zote za injini ya petroli. Nikafika Dar salama, nikamwaga yote wiki ileile. Fundi alipoona nimekuja na dumu langu mkononi akasema tu, "Leta hiyo maji yako."