Bati la migongo mipana la kukatiwa kwa kipimo: uzoefu wangu kwenye paa za Dar es Salaam

Kwa nyumba ya kawaida ya Dar, ya vyumba vitatu au vinne, sijaona bati linalolishinda hili: migongo mipana, geji 28 (geji ni kipimo cha unene), lenye mpako wa aluzinki wa kuzuia kutu na rangi ya kiwandani, lililokatwa urefu kamili kutoka kwenye kofia ya kileleni hadi kwenye gata, yaani mfereji wa maji ya mvua. Nalipatia alama za juu kwa sababu viungo vyake ni vichache. Bati jipya halina tundu, kwa hiyo maji huingilia mahali bati linapokutana na bati jingine, na skrubu, au na ukuta. Ukipunguza sehemu hizo umepunguza uvujaji kabla fundi hajapanda ngazi, na kazi yenyewe inakwenda haraka.

Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9, paa la pande mbili, upenu wa sentimita 60 kila upande, mteremko wa digrii 15. Ukiezeka kwa mabati mafupi ya mita 3, kila upande wa paa unakuwa na mshono wa kulala unaovuka nyumba nzima. Kwa bati la kukatiwa mshono huo haupo. Hesabu yake ni hii: nusu ya upana ni mita 4.5, jumlisha upenu unapata 5.1, gawanya kwa 0.966 (kosaini ya digrii 15), unapata mita 5.28. Ongeza sentimita 5 za kuingia kwenye gata, punguza 3 za kuacha nafasi kileleni, uagize bati la mita 5.3.

Idadi inategemea upana wa kufunika, siyo upana mzima wa bati. Hapa ndipo wengi wanapungukiwa siku ya kazi, kwa sababu mgongo mmoja hupotea kwenye kupandana. Tuseme bati linafunika sentimita 70. Urefu wa paa pamoja na upenu ni mita 13.2, kwa hiyo unahitaji mabati 19 kila upande, jumla 38, sawa na mita 201.4. Muulize muuzaji upana wa kufunika wa bati lake, kisha pandanisha mawili pale pale kiwandani na upime mwenyewe kutoka mgongo hadi mgongo.

Usiagize kwa kutumia ramani peke yake. Subiri kenchi zisimame na papi (mbao za kupigilia bati) zigongwe, upime urefu wa mteremko mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha upime kona kwa kona. Kwa paa la mfano wetu, mishazari yote miwili ya kila upande isome karibu mita 14.22. Ikitofautiana kwa sentimita 4 au 5, rekebisha mbao kwanza. Bati la mita 3 unaweza kulidanganya kidogo kidogo kila mshono likafuata mbao zilizopinda. Bati la mita 5.3 halikubali: litaanza vizuri, na ukifika la kumi utaona ukingo wa chini umekuwa ngazi, au mgongo haukai tena juu ya mwenzake. Huo ndio ukali wa bidhaa hii, na naukubali, kwa sababu unamlazimisha fundi wa kenchi kufanya kazi safi.

Kuhusu mteremko, kumbuka namba tatu. Digrii 15 ni kupanda sentimita 27 kwa kila mita ya usawa, digrii 10 ni 18, digrii 5 ni 9. Kwa paa linaloonekana sishuki chini ya digrii 10. Kwa zile nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta nakubali digrii 5, kwa sharti kwamba hakuna mshono wa kulala hata mmoja. Bati la mtindo wa vigae lisipelekwe huko. Vile vingazi vyake vinapunguza mwendo wa maji, na kwenye mteremko mdogo mvua ya upepo inarudi nyuma hadi juu ya mshono. Nyumba nyingi zinazovuja nyuma ya ukuta wa kuficha zina kosa hilo hilo: bati zuri kwenye mteremko usio wake.

Tuje kwenye geji, maana hapa mnunuzi anaweza kuumia. Kwa soko letu geji 28 ni unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na geji 32 karibu 0.25. Jina lililoandikwa kwenye risiti halipimi kitu. Nenda na maikromita, upime ukingo wa bati katika sehemu tatu. Uliza pia kiasi cha aluzinki, kinachoandikwa AZ na namba: AZ150 maana yake ni gramu 150 kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Mchanganyiko wenyewe ni aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Rangi inapendeza, lakini kinachozuia kutu ni huo mpako ulio chini ya rangi. Bati la AZ50 na la AZ150 yakiwa na rangi moja hayatofautishwi kwa macho.

Papi naziweka mistari saba kwa mteremko huu wa mita 5.28, yaani nafasi ya karibu sentimita 88. Kwa geji 30 nisingezidisha hapo, kwa sababu fundi akikanyaga katikati bati linabonyea na bonde halirudi sawa. Ukipanda juu, kanyaga penye papi, na mguu ukae bondeni, siyo juu ya mgongo.

Skrubu ndiyo sehemu ya kwanza kuzeeka katika paa zima, na ndiyo inayonunuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki. Misumari ya mwavuli siitumii tena kwenye mabati marefu. Bati la mita 5.3 hurefuka kama milimita 2.5 joto lake likipanda digrii 40, na jua la Dar linaweza kufanya hivyo kutoka alfajiri hadi saa nane mchana. Kila siku bati linavuta na kusukuma msumari, msumari unalegea, na tundu linapanuka. Skrubu ina meno yanayoshika mbao, na mpira wake unafuata mwendo wa bati. Mpira uwe wa EPDM, aina ya mpira unaostahimili jua. Ule wa plastiki ya kawaida unakakamaa juani na kupasuka.

Urefu wa skrubu: chukua kimo cha mgongo, ongeza angalau sentimita 3 za kuzama kwenye mbao. Mgongo wa milimita 37 unataka skrubu ya 75, ingawa madukani utapewa 65 kama ndiyo dawa ya kila paa. Piga juu ya mgongo, kamwe si bondeni yanakopita maji. Kwenye papi ya kwanza chini na ya mwisho juu piga kila mgongo, kwa sababu upepo unafyonza bati kwa nguvu zaidi kwenye kingo. Papi za katikati piga mgongo mmoja, ruka mmoja. Kwa bati lenye migongo mitano, mmoja ukiwa wa kupandana, hiyo ni skrubu nane za kingo na kumi za katikati, jumla 18 kwa bati na karibu 700 kwa paa zima. Ongeza 76 za kofia, na nyingine za akiba, nunua 850. Halafu kuna zile fupi za kushona bati kwa bati kwenye mgongo wa kupandana, moja katikati ya kila papi mbili. Hizo ni 216, nunua 250. Mafundi wengi huziruka. Usikubali, kwa kuwa bila hizo mgongo wa juu unapanua mdomo pakivuma upepo.

Kaza kwa drili ya betri yenye soketi ya namba 8 na klachi iliyoshushwa. Mpira ukijitokeza kidogo tu pembeni ya sahani yake, acha. Ukiendelea, mpira unakatika na mgongo unabonyea, kisha kijidimbwi kinakaa palepale kwenye tundu. Skrubu iliyoingia kwa kuinama itoe, maana upande mmoja wa mpira hautagusa bati.

Mpangilio wa kuanzia nao una maana. Upepo wa kusi huingia wakati wa masika, kwa hiyo pale paa linaporuhusu naanza upande wa kaskazini na kusonga kuelekea kusini. Hivyo kila bati jipya linalala juu ya lililotangulia, na mdomo wa mshono unatazama mbali na upepo. Halafu angalia ukingo wa bati: upande mmoja una kijito chembamba cha kukatiza maji yanayonyonywa kati ya mabati mawili yaliyobanana. Upande huo ukae chini. Fundi akigeuza bati ili kuokoa muda, mshono utanyonya maji hata kama kila skrubu iko sawa, na atakayekuja kutafuta chanzo cha uvujaji atahangaika sana.

Kileleni, kabla ya kofia, kunja ncha ya kila bonde iinuke juu kwa koleo pana, kama sentimita 3 au 4. Kazi hiyo inachukua muda mfupi na inazuia maji yanayosukumwa na upepo kupanda chini ya kofia. Kisha weka sponji yenye umbo la migongo. Kofia za mita 2.4 zikipandana sentimita 15, sita zinatosha mita 13.2. Silikoni iwe ndani ya mpandano wa kofia mbili, siyo kupakwa juu kama siagi. Ile ya juu inabanduka baada ya jua la miezi michache.

Paa lililofichwa lina adui wake: saruji. Plasta ya ukuta ikipigwa baada ya kuezeka, vipande vibichi vinadondoka juu ya bati. Saruji mbichi ni kali na inakula aluzinki. Malizeni ukuta kwanza, au funikeni bati kwa turubai. Bati la kuunganisha paa na ukuta lipande angalau sentimita 15 ukutani, na ncha yake iingizwe kwenye mfuo wa sentimita 2.5 uliokatwa kwenye tofali. Kuibandika kwa silikoni juu ya plasta hakudumu. Gata la ndani liwe na upana wa kutosha mguu wa msafishaji, sentimita 30, lishuke sentimita 1 kila mita 2, na liwe na mlizamu wa dharura chini kidogo ya ukingo wake. Mvua ya milimita 50 kwa saa kwenye upande mmoja wa paa letu ni lita zaidi ya 3,300 kila saa. Jani la mwembe likiziba bomba, maji hayo lazima yapate njia nyingine isiyo sebuleni.

Kukata: tumia mkasi wa bati. Grainda inachoma mpako kwenye ukingo, na cheche zake zinajichimbia kwenye rangi kisha kugeuka madoa ya kutu. Unga wa chuma unaotoka kwenye skrubu ufagiliwe siku hiyo hiyo. Mabomba ya shaba ya hita ya jua yasidondoshe maji juu ya aluzinki, kwa kuwa shaba huitoboa.

Mapungufu yapo. Bati refu halipandi kirikuu. Unahitaji Fuso, na kwenye vichochoro vya Manzese au Tandale itabidi watu wanne walibebe kwa ukingo kutoka barabarani. Mvua kubwa hapo juu inapiga kelele kama hakuna dari nzuri, na rangi nyeusi na chokoleti zinapasha nyumba joto. Chagua rangi ya mwanga.

Kwa Masaki, Mbezi Beach, Kunduchi na upande wa pwani wa Kigamboni nisingeweka chini ya AZ150, na ukiwa karibu kabisa na bahari aluminiamu tupu ni bora. Soma kadi ya dhamana uone inasemaje kuhusu umbali kutoka baharini. Kutu ya chumvi huanzia chini ya upenu, kule ambako mvua haioshi. Pamwagie maji ya bomba yasiyo na chumvi mara kadhaa kwa mwaka, hasa kiangazi.

Mabati yakifika kabla ya siku ya kazi yasilazwe chini yakiwa yamebanana, maana maji yakiingia katikati yanaacha madoa meupe au meusi yasiyotoka. Yaweke juu ya magogo, upande mmoja ukiwa juu kidogo, hewa ipite. Na kila Februari, kabla ya masika, panda ukague: safisha gata, tazama mpira wa skrubu za upande unaopigwa na jua la alasiri. Iliyopasuka toa, na tundu lake lisirudishiwe skrubu ya unene ule ule. Weka ya milimita 6.3 yenye mpira mpya, ishike mbao ambayo ya kwanza haikuigusa.