Technics SL-1200MK2 na jazi sebuleni Magomeni: uzoefu wangu wa miezi 14

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Mashine yenyewe, pleya ya kupigia santuri, iliyotumika, ilikuja kwenye kontena la vyombo kutoka Japani. Nililipa shilingi 1,300,000. Katriji mpya, yaani kile kidude cha ncha ya mkono kinachobeba sindano, pamoja na sindano yake, Audio-Technica VM95E, niliagiza kwa dada yangu aliyekuwa anatoka Dubai, ikanigharimu kama 180,000. Transfoma ya kushusha umeme, 85,000 Kariakoo. Amplifaya na spika nilikuwa nazo tangu zamani. Ni hela nyingi, na siku nilipoileta nyumbani mume wangu aliitazama tu akaenda kukaa barazani. Leo yeye ndiye anayeifuta vumbi.

Nilianza kununua santuri za jazi kabla sijawa na kitu cha kuzipigia. Ya kwanza niliiokota kwenye meza ya vitabu vya mitumba maeneo ya Posta: ganda la buluu lenye kivuli cheusi cha mtu anayepuliza saksafoni. Sonny Rollins, Saxophone Colossus. Nilitoa elfu kumi. Ilikaa kabatini karibu mwaka mzima, nikawa naitoa, nasoma maandishi ya nyuma, naangalia mistari kwenye mwanga wa dirisha, narudisha. Baadaye nikanunua pleya ndogo ya mkoba, ile ambayo spika zake zimo humohumo. Sitaitaja jina. Ninachoweza kusema ni kwamba mkono wake wa sindano ulikuwa mzito na hauna mahali pa kuurekebisha, na baada ya miezi michache matoazi ya Max Roach kwenye santuri ile yakageuka mchanga. Mfereji wa santuri ukishalika haurudi. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo kila nikiiweka.

Ndiyo maana nikaamua kusubiri na kutafuta Technics. Mfano wa kwanza wa SL-1200 ulitoka 1972, huu wa MK2 ukafuata mwaka 1979, na watu wengi wanaujua kupitia kwa madijei. Dijei anahitaji mashine isiyoyumba, inayoanza kuzunguka kwa kasi kamili mara moja, inayovumilia kuguswaguswa. Sikuwa nimefikiria kwamba msikilizaji wa jazi naye anahitaji hayohayo. Mota iko chini ya sahani moja kwa moja, hakuna mkanda wa mpira. Hili kwa Dar ni jambo kubwa, maana mpira kwenye joto letu hulegea, na ukilegea piano inaanza kuimba kama imelewa. Noti ndefu ya piano ndiyo hakimu wa kasi. Kwenye mashine hii noti ya Bill Evans inakaa palepale inapotakiwa hadi inapokufa yenyewe. Umeme wa mtaani kwetu ukipungua hata taa ikafifia, zile nukta kubwa za pembeni mwa sahani, zinazomulikwa na taa nyekundu, zinabaki zimesimama tuli, ishara kwamba kasi haijabadilika.

Sasa la umeme lenyewe, na hapa naomba msome taratibu. Mashine nyingi za aina hii zinazoletwa kutoka Japani ni za volti 100. Sisi tunatumia 230. Aliyeniuzia alikata plagi ya Kijapani, akafunga ya kwetu ya miguu mitatu, akaniambia "dada, chomeka tu." Nilikuwa nimeinama kutafuta soketi nilipoona kibandiko cha nyuma. Ningechomeka, ingekuwa imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza mashine, soma kibandiko, usisikilize mtu. Transfoma haihitaji kuwa kubwa, maana mashine yenyewe haili hata wati 20, lakini iwekwe mbali na mkono wa sindano, vinginevyo utasikia mngurumo kwenye spika. Mngurumo ukibaki hata ukiisogeza, angalia ule waya mwembamba wa ethi unaotoka nyuma: lazima ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya, pembeni mwa matundu yaliyoandikwa PHONO. Mimi ulinipotezea siku mbili.

Kufunga katriji kulinichukua jioni nzima. Uzito wa sindano nimeuweka gramu 2, kama watengenezaji wanavyoelekeza. Halafu nikaweka santuri.

Nitaeleza jambo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nakala yangu ya Kind of Blue ya Miles Davis ni ya zamani, ya Marekani. Kwa miaka nilikuwa nimeizoea albamu hii kwenye simu. Nilipoipiga kwenye santuri, upande wa kwanza ukanisumbua. Ulikuwa mzuri, lakini ulinisikika kama una haraka, una wasiwasi fulani. Upande wa pili, shwari. Nikadhani ni mimi.

Si mimi. Upande wa kwanza wote ulirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 kwenye studio ya Columbia, mtaa wa 30, New York, na siku hiyo mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazungusha utepe polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Utepe wa namna hiyo ukija kupigwa kwa kasi sahihi, muziki unakimbia na sauti inapanda. Nyimbo za upande wa pili ni za tarehe 22 Aprili, hazina tatizo. Kosa hilo liliendelea kuchapwa hadi miaka ya 1990, ndipo wakatumia utepe wa mashine ya akiba, ambao ulikuwa sawa. Yaani kizazi kizima kiliipenda So What, wimbo unaofungua upande huo, ikiwa juu ya ufunguo wake.

Technics ina kitelezi pembeni mwa sahani kinachopunguza au kuongeza kasi hadi asilimia 8. Jumapili moja rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani Kinondoni alikuja na kinanda chake. Akabonyeza noti ya D, akaishikilia. Sauti ya santuri ikawa juu ya noti hiyo kidogo, kama waimbaji wawili wa safu moja wasiosikilizana. "Teremsha," akasema. Nikateremsha unywele. "Bado." Nikateremsha tena, hata asilimia mbili haikufika. Akanyanyua kidole juu, akanyamaza. Besi ya Paul Chambers ikaingia ndani ya kile kinanda na tofauti ikapotea. Wimbo ukakaa. Coltrane alipoanza, saksafoni ilikuwa na kifua. Tulikuwa watu wanne pale sebuleni na hakuna aliyeongea mpaka sindano ilipofika mwisho. Mtu mwingine atasema ni kitu kidogo. Mimi nilihisi kama nimefunguliwa mlango wa chumba ambacho muda wote nilikuwa nakisikiliza nikiwa nje.

Tangu siku hiyo Jumapili alasiri watu huja. Anayekuja mapema kuliko wote ni mzee jirani yetu, ambaye ujana wake aliupitisha kwenye kumbi za dansi. Naye ndiye aliyeanzisha ubishi ambao haujaisha. Kwa hapa Dar ukisema "jazi" mtu wa umri wake anaelewa kitu kingine kabisa: Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanza mwaka 1932, Kilwa Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz ya 1964. Bendi za dansi, gitaa na matarumbeta, watu wako uwanjani wanacheza. Alipokuja mara ya kwanza alikaa kwa adabu akasikiliza upande mzima wa Coltrane, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii jazi yenu, watu wanaicheza saa ngapi?"

Niliona aibu kidogo kwa kukosa jibu. Nikamwekea St. Thomas, ile ya Rollins, hivyohivyo na mchanga wake. Inaanza na ngoma peke yake, kisha saksafoni inaingia na kalipso aliyoijua kwao, maana wazazi wake walitoka visiwa vya Karibiani. Mguu wa mzee ukaanza kabla ya mwenyewe kujua. "Ee, hii sasa ni ya kwetu," akasema. Akatueleza jinsi santuri za Kuba zilivyokuwa zikigombaniwa enzi hizo, na kwamba si bure Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Mimi nilikuwa nimezitenga hizo mbili kichwani, kabati moja la jazi ya Marekani na jingine la muziki wa dansi. Siku hizi zinakaa rafu moja.

Santuri iliyopigwa mara nyingi kuliko zote kwenye mashine hii ni Uhuru Afrika ya Randy Weston. Kama hujawahi kuisikia, tafadhali itafute. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado mwaka mmoja na kidogo kupata uhuru wake. Langston Hughes aliandika shairi, na mwanzoni mwa santuri shairi hilo linasomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mipangilio ya bendi ni ya Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni na kuandika sauti za vyombo kwa namna ambayo kila chombo kina nafasi yake ya kupumua. Ngoma ziko mikononi mwa watu kama Max Roach, Olatunji na Candido. Serikali ya makaburu ilikuja kuipiga marufuku Afrika Kusini.

Nilipoweka sindano sikumwambia mzee chochote. Sauti ikaanza. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini. "Huyo anasema Kiswahili." Nikamwambia ndiyo, New York, 1960. Akaniomba nirudishe. Nikarudisha mara tatu, na ninafurahi kwamba mkono wa mashine hii una kinyanyuo kinachoshuka polepole, maana mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Hakutaka tuendelee na upande wa pili siku hiyo.

Jumapili nyingine ilikuwa Mwandishi ya Herbie Hancock, ya 1971. Kikundi kile kila mmoja alijichukulia jina la Kiswahili: Hancock Mwandishi, Buster Williams wa besi Mchezaji, Billy Hart wa ngoma Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, ambaye kweli alikuwa daktari aliyesomea. Tulibishana saa nzima kuhusu hilo Mwile. Mimi nilisema wamekosea "mwili". Mzee akakataa, akasema tusiwahi kumsahihisha mtu aliyekuja kwenye lugha yetu kwa mapenzi, tusikilize kwanza anapiga nini. Upande wa kwanza una mwendo wa mapigo kumi na tano ambao mpaka leo nikijaribu kuuhesabu unaniponyoka, na kwenye spika kubwa ile besi inatembea sakafuni. Kwenye simu hutaisikia.

Kuhusu utunzaji, Dar haina huruma. Vumbi la barabarani linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na masika yakifika maganda ya santuri yanaota kuvu. Mimi huosha kwa maji safi ya betri, yale yaliyochujwa ya kujazia, wala si yale makali, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Naosha kwa kufuata mzunguko wa mistari, nasuuza kwa maji yaleyale, naziacha zikauke wima kivulini. Kamwe usiziache kwenye gari. Rafiki yangu aliacha mbili kiti cha nyuma, mwezi wa pili, saa sita mchana. Zilirudi na mawimbi kama bati. Na kama una santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, usizifute kwa spiriti, utaziyeyusha.

Hizo za 78, kwa kweli, ndicho kitu pekee ninachokosa. MK2 ina kasi mbili tu, 33 na 45. Jambo jingine la kujua ni kwamba mkono haujinyanyui santuri ikiisha. Ukipitiwa na usingizi, sindano itazunguka kwenye mfereji wa mwisho mpaka uamke. Kwangu si tatizo, maana santuri inanidai niwe macho, lakini anayetaka muziki wa kufanyia kazi nyingine atafute mashine inayojizima.

Ningeinunua tena? Kesho asubuhi, kwa bei ileile. Mwezi uliopita mzee alikuja na kisanduku cha mbao kimefungwa kanga. Ndani kuna santuri 11 za 78 alizonunua akiwa kijana, tatu zina ufa, nane nzima. Hajazisikia tangu gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono ilipokatika springi. Nimeziosha zote kwa maji yale, ziko juu ya kabati langu. Kama kuna anayejua hapa mjini mashine nzima inayopiga 78, hata ya kuazima kwa Jumapili moja, tafadhali anijulishe. Gari la kuifuata nitakodi mimi.