Kadi za ioni za Malindi: nzuri kwa chumvi, chache kwa hesabu kubwa

Anayefundisha kusawazisha milinganyo ya asidi na besi anajua kazi inapokwama. Si kwenye kuhesabu, ni kwenye chumvi, yaani kile kinachopatikana pamoja na maji asidi na besi zikichanganyika. Mwanafunzi huandika H₂SO₄ + NaOH → NaSO₄ + H₂O, halafu hupachika nambari mbele ya hiki na kile mpaka ukurasa unajaa. Haitasawazika kamwe, kwa sababu NaSO₄ si fomula sahihi. Seti hii ya kadi, inayouzwa shilingi 350 kwenye duka la vifaa vya shule mjini Malindi, imeanzia hapo hapo penye tatizo. Kwa hilo tu inastahili kununuliwa.

Kila ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, ina kadi yake. Yenye chaji chanya ina meno, yenye chaji hasi ina mapengo, na idadi ndiyo chaji: Na⁺ jino moja, Ca²⁺ mawili, Al³⁺ matatu, SO₄²⁻ mapengo mawili, PO₄³⁻ matatu. Ukiitia SO₄ kadi moja ya Na, pengo moja linabaki wazi na kidole kinaligusa. Hapo mtoto mwenyewe anaichukua Na ya pili, na Na₂SO₄ inapatikana bila kukariri. Nambari ndogo ya chini imetoka kwenye chaji, kwa hiyo hana tena ruhusa ya kuichezea ili hesabu itoke. Kinachobadilishwa ni nambari ya mbele peke yake.

Baada ya chumvi, maji. H moja ya asidi na OH moja ya besi hufanya molekuli moja ya maji, basi H na OH lazima zitoshane. H₂SO₄ ina H mbili, NaOH ina OH moja, kwa hiyo NaOH ziwe mbili: H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O. Zisipolingana kirahisi, tafuta kigawe kidogo cha shirika. Asidi ya fosforiki ina H tatu, chokaa iliyozimwa ina OH mbili. Kigawe ni 6. Asidi mbili, chokaa tatu:

2H₃PO₄ + 3Ca(OH)₂ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O

Na hapa ndipo seti inapovunja moyo. Kadi za OH zimo nne tu, na mlinganyo huu unataka sita. Hali ni hiyo hiyo kwa Al(OH)₃ na asidi ya salfuriki. Kata za ziada kwenye boksi gumu, ukichora kwa penseli juu ya kadi halisi ili mapengo yaoane na meno.

Kijitabu chake nacho kina kosa kwenye mlinganyo huo huo wa fosfeti: kimeandika asidi tatu na chokaa mbili. H zinakuwa 9, OH nne. Kisahihishe kwa kalamu kabla hujampa mtoto.

Kadi tuliyoipenda zaidi ni ya CH₃COO, ioni ya asidi ya siki, kipande kimoja chenye pengo moja. Wanafunzi wengi huihesabia asidi ya siki H nne, ilhali inayotoka ni ile ya mwisho tu. Siki na chokaa basi ni 2CH₃COOH + Ca(OH)₂ → (CH₃COO)₂Ca + 2H₂O, na mabano hayakosewi kwa sababu vipande viwili vinaonekana vimekaa ubavuni mwa Ca.

NH₄⁺, yaani amonia (NH₃) iliyopokea H⁺, haimo kabisa. Ni upungufu mkubwa, maana NH₃ + HCl → NH₄Cl ndiyo inayomwonyesha mwanafunzi kwamba si kila mara asidi na besi zikikutana maji hutokea. Mfano upo jikoni kwetu: harufu ya samaki aliyekaa hutokana na trimethilamini, ambayo ni besi. Asidi ya ndimu huipa H⁺, nayo inageuka chumvi isiyoruka hewani. Kabonati pia zimeachwa. Huko lazima uongeze CO₂: CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂.

Alama za hali, yaani aq (iliyoyeyuka majini), l (kimiminika), s (yabisi) na g (gesi), kijitabu hakizitaji popote. Kwenye mtihani kuzikosa kunaweza kupunguza maksi, basi mzoeze mtoto kuziandika mwishoni, mlinganyo ukishasawazika.

Karatasi ya kadi ni nyepesi, na kwa unyevu wa pwani itajikunja upesi. Zipeleke zikalaminetiwe, kisha kata plastiki kwa kufuata kila jino na kila pengo. Ukiacha ukingo hata mwembamba, meno hayaingii.