Soksi za kufumwa Uyole: hakuna lastiki na bado zinavutika

Wadau wa Mbeya, Njombe na nyie wa Makete mnaolala na masweta mawili, leo naongelea soksi, ndio, soksi, msicheke. Kuna mama pale Uyole upande wa barabara ya kwenda Tukuyu anafuma soksi za sufu na za pamba, hajaweka lastiki, hajaweka nailoni, na zinavutika afu zinarudi zenyewe. Nampa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeibana kwa sababu ntazosema huko chini, na sio bei, bei mtailalamikia nyie.

Mi soksi kwangu ni kitu cha kazi. Nashinda kwenye viazi huku Isyonje, mwezi wa sita na wa saba ukungu hautoki mpaka saa nne, umesimama kwenye tope na gambuti, na gambuti ni mpira mtupu, jasho la mguu halina pa kutokea. Zile soksi za buku buku za barabarani, zenye alama ya kampuni kubwa ya raba ambayo kila mtu anajua haijawahi hata kuziona, saa tatu asubuhi zimeshalowa na baridi inaanza kupanda mguuni. Lastiki yake ya juu siku za mwanzo inabana, jioni ukivua una alama kuzunguka mguu mzima unajikuna mpaka usingizi unakuchukua, afu ukishafua fua inachoka ghafla, soksi inateleza inaenda kujikunja chini ya unyayo na wewe uko katikati ya shamba umebeba gunia, utavua saa ngapi. Waliopitia wanajua.

Na lebo yake inasema pamba 100%. Pamba ya wapi? Chomoa kauzi kamoja uguse na kiberiti. Pamba ikiungua inanuka karatasi na inaacha majivu mepesi, sufu inanuka nywele zilizoungua na ukitoa moto inazima yenyewe, poliesta yenyewe inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Zangu za barabarani ziliacha kidonge. Si kwamba poliesta ni dhambi, ila kama nimelipia pamba nipe pamba bana.

Sasa huyu mama. Mkinga wa Makete, kwa hiyo habari za kupunguziwa bei sahau. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, unataka za kiatu au za gambuti? Hilo swali tu likanimaliza, maana duka gani la soksi limewahi kukuuliza unavalia na nini. Kibanda kidogo, mbele yananing'inia masweta ya shule ambayo ndo biashara yake kubwa na anayafuma kwa mashine, soksi ndo anafuma kwa mkono, na sindano zake ni spoki za baiskeli alizokata akazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Spoki tano, nne zimeshika soksi kwa kuzunguka, ya tano ndo inafanya kazi.

Akaniambia vua viatu usimame. Nikavuta kigoda nikae akasema hapana, mguu uliokaa sio huo unaotembelea, ukisimama unatanuka. Akachukua futi ya cherehani akazungusha pale mguu unapokuwa mpana, chini kidogo ya vidole, ikasoma sentimita 25. Akaandika kwenye daftari 22 na nusu. Nikamuuliza mbona umepunguza mama, akajibu bila hata kuniangalia: "Nikifuma 25 itakuzunguka mguuni, kisigino utakikuta juu." Yaani soksi inafumwa ndogo kuliko mguu kama sehemu moja ya kumi hivi, kwa makusudi, afu kazi ya kuifungua anaachiwa mguu wenyewe. Ukipunguza sana nayo inaharibika, inatanuka mpaka mwisho inakuwa nyembamba, baridi inapita na inatoboka haraka.

Inafungukaje bila lastiki ndo kitu nilichotaka kukiona kwa macho, nikakaa pale kuangalia. Shingo yote ya soksi na mgongo wa mguu anafuma vitanzi viwili vinatazama mbele, viwili vinatazama nyuma, viwili mbele, viwili nyuma, anaenda hivyo hivyo anazunguka. Vile vya nyuma vinajivuta ndani, vya mbele vinatokeza, kitambaa kinajikunja chenyewe kinakuwa na migongo kama bati, na kikiwa kimebanwa hivyo kinaonekana chembamba kweli, mkono wa mtoto ndo unapita. Ukivaa ile migongo inafunguka, ukivua inajirudisha. Kwa mguu wangu alianza na vitanzi 56, akasema lazima idadi igawanyike kwa nne la sivyo mistari haikutani. Unyayo peke yake ndo anafuma flati, hauna migongo, maana ukikanyaga migongo siku nzima utaisikia.

Kitu kingine ambacho nisingekijua kama nisingekaa pale ni ule mwanzo wa soksi, mdomo wake wa juu. Soksi nyingi za kufumwa kwa mkono zinaharibikia hapo, shingo yote inavutika vizuri ila mdomo umekaza haupiti kisigino. Huyu anaanza vitanzi vyake juu ya spoki mbili zilizobebana, akimaliza mstari anachomoa spoki moja, basi kila kitanzi kinabaki na nafasi ya ziada. Kitu kidogo sana afu ndo kila kitu. Soksi niliyofumiwa na shangazi yangu miaka ile ilikuwa nzuri mno ila kuivaa unatafuta msaidizi.

Haya mambo sio mapya. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi alitengeneza William Lee huko Uingereza mwaka 1589, na hii migongo migongo Jedediah Strutt wa Derby akaja kuiweka kwenye mashine miaka ya 1750, wakati spandeksi, ule uzi wa plastiki unaovutika, hii inayoitwa Lycra, imegunduliwa 1958 tu na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont kule Marekani. Kwa hiyo watu walivaa soksi zinazovutika miaka na miaka kabla ya plastiki. Mtu akikuambia bila spandeksi soksi haiwezi kuvutika mwambie aje Uyole.

Ila uzi nao una maneno yake. Sufu yenyewe tayari imejisokota, kila unywele una mawimbi mawimbi, unaweza kuuvuta karibu asilimia 30 zaidi ya urefu wake kabla haujakatika na ukiuachia unarudi. Pamba haina hiyo, ukiivuta inabaki ilipovutwa. Ndo maana soksi ya pamba ya mama huyu asubuhi inakaa vizuri kabisa, ikifika saa nane shingo imelegea kidogo, mpaka ufue ndo inajikusanya tena. Sufu inashika mpaka jioni. Afu kuna suala la unyevu, sufu inameza maji mpaka kama theluthi moja ya uzito wake na mguu bado hausikii kulowa, kwenye gambuti hilo ni kubwa kuliko hata kuvutika. Siku ya ukungu nikivua gambuti soksi ina unyevu ndio, lakini mguu una joto. Kwa mtu wa Kyela au anayeshuka kwenye mpunga Usangu achukue za pamba, za sufu zitamchemsha bure.

Sufu anatoa wapi? Hapa ndo mama alinishika. Kondoo wetu wengi huku ni wa nywele, hawatoi sufu ya kusokota, kwa hiyo anaenda mitumba Mwanjelwa bale likifunguliwa anachagua masweta ya sufu tupu, analifumua sweta zima anapata uzi. Na sio kila sweta. Anageuza ndani anaangalia mshono wa ubavuni, kama limekatwa likashonwa na ovaloki analirudisha, kwa sababu ukilifumua unapata vipande vifupi vya nyuzi, anataka lile lililofumwa kila upande na ukingo wake mzima afu ndo likaunganishwa, hilo ukishakata mshono uzi unakuja mrefu mpaka unachoka kukunja. Lililorowekwa maji ya moto likagandamana nalo hataki, halifumuki. Lebo haiamini, anachoma uzi. Afu analisugua shingoni kwake, likiwasha anaacha, anasema mguu wa mteja unalalamika kuliko shingo yake. Uzi ukishafumuliwa umejikunja kunja, anaufunga mafungu, anaufua kwa maji baridi anautundika na chupa ya maji kwa chini mpaka unyooke.

Matokeo yake huchagui rangi. Zangu ni za kijani ya chupa shingoni, unyayo kahawia, kwa sababu kijani kiliisha. Ndani ya gambuti nani anaona, ila kama unataka jozi nyeusi tii za ofisini utasubiri mpaka bale lilete sweta jeusi.

Ana aina ya tatu pia, pamba yenye kauzi ka mpira mdomoni tu, mpira uliozungushiwa pamba, anaagiza Kariakoo. Anasema ni mpira wa mti. Mpira wa mti kweli ni wa asili, ni utomvu kabisa, lakini uzi wa lastiki sokoni ni wa kila namna na kwa macho hutautofautisha, na hata ukiwa wa mti unachukia jua na mafuta, ukianika juani kila siku unakauka unakatika. Mi sikuona sababu ya kuuchukua wakati ile ya migongo inajishika yenyewe. Labda kwa mtoto anayekimbia kimbia.

Mzee wangu nilimchukulia jozi ya sufu, miguu yake ikifika jioni inavimba na ana sukari, hospitali siku zote wanamwambia asivae soksi za kubana. Hizi zinatanuka na mguu. Sijui kama kazipenda, ila hazivui, na mama yangu mzazi analalamika kwamba hazivui.

Haya, malalamiko. La kwanza kisigino. Ili kisitoboke anaongeza uzi wa pamba pamoja na sufu kwenye kisigino na vidoleni, wazo zuri, viwandani hapo ndo wanaweka nailoni. Shida ni kwamba ile pamba haivutiki kama sufu, kwa hiyo pale zinapokutana juu ya kisigino kuna mstari mgumu, na jozi yangu moja imeanza kufa hapo hapo kwenye mstari, sio kwenye kisigino. Nikamwambia, akaangalia, akasema angepunguza pamba taratibu badala ya kuikata ghafla, na jozi niliyochukua baadae kweli kaifanya hivyo na inaonekana afadhali. Ila ya kwanza hakunibadilishia, kanishonea tu. Hapo ndo ilipoondoka ile nyota.

La pili oda zinachelewa, mwezi wa tano wote anafuma masweta ya shule na soksi zinakaa kwenye kapu, ukipiga simu unaambiwa kesho mwanangu, na kesho ya mafundi mnaijua. Ukitaka soksi za baridi agiza mwezi wa tatu.

La tatu kufua. Hakuna maji ya moto, hakuna brashi, hakuna kusugua kwenye jiwe, maana nywele za sufu zina magamba, ukiisugua na joto yanakamatana, soksi inakuwa ngumu na inamtosha mtoto wa darasa la pili. Jiki usithubutu kabisa, jiki inayeyusha sufu, sio kuchakaza, inayeyusha. Unaloweka maji baridi na sabuni kidogo, unakamua kwa kubana na taulo, unaanika imelala kivulini. Kwa mwezi wa saba huku kwetu hiyo ni siku mbili, kwa hiyo jozi moja haikutoshi. Kama nyumbani anayefua ni dada wa kazi mwelekeze vizuri au zifue mwenyewe.

Bei sasa. Za sufu 12,000, za pamba 7,000, zenye mpira 8,000. Najua kuna mtu hapo kashasema kwa 12,000 napata soksi 12 barabarani, sawa, kachukue 12.

Akikupimia mwenyewe ni bora, ila mlio Njombe na Iringa anapokea vipimo kwa meseji na anatuma kwa basi: mzunguko chini ya vidole, mzunguko juu ya kifundo, urefu wa unyayo, vyote umesimama, na mwambie unavalia nini. Za sufu ni nene, gambuti linalokutosha sasa hivi na soksi nyembamba litakubana, mi ilibidi nihame kutoka namba 8 kwenda 9.